Hayupo, ni Wetu

Ukuta uliotenganisha darasa la mwenzangu na langu haukufika juu. Fundi aliishiwa na matofali, au aliishiwa na hamu, akauacha palepale, na tangu hapo kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa hesabu, ninaijua historia yote ya darasa la nne bila kuifundisha hata siku moja, na wanafunzi wangu walikuwa wanajibu maswali ambayo hawakuulizwa. Kila asubuhi, kabla sijaandika hata tarehe ubaoni, ilibidi nimngoje mwenzangu amalize kuita rejista. Alikuwa haharakishi. Wengine huita majina kama wanapukuchua mahindi. Yeye aliita jina moja, akanyamaza, akainua macho, akamtazama mwenye jina mpaka mtoto akajiona ni mtu. Watoto walimbandika jina la Mama Rejista, na hata alipokuja kuwa mkubwa wa mkoa, hilo ndilo lililomganda.

Alikuwa na desturi yake: jina la mtoto halifutwi. Mtoto akikosa siku, wiki, muhula au mwaka, jina lake liliitwa vilevile, na darasa zima likajibu, "Hayupo, ni wetu!" Basi, linaitwa linalofuata. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyechukuliwa na baba yake mdogo, hakuna aliyemwona kwa miaka miwili, na watoto wapya ambao hawajawahi kumtia machoni ndio walikuwa wanamjibia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku moja tulikuwa tunasahihisha madaftari, meza moja kama kawaida yetu, nikamwambia, "Mwenzangu, huyu si ungemfuta tu? Unajaza kurasa bure." Akaweka kalamu chini. Akanisimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi mama yake aliugua, akakaa nyumbani mwaka mzima kumuuguza. Mama alipofariki, akaifua sare yake akarudi shule. Mwalimu akaita majina yote, la kwake hakuliita. "Nikanyoosha mkono, nikasema, mwalimu, mimi hujaniita. Akapekuapekua, akaniambia, wewe hatunaye." Alikaa dawati la nyuma mpaka mwaka ukaisha, mfano wa mgeni aliyekuja kumsubiri mtu. "Nimemzika mama yangu," akasema, "halafu naambiwa na mimi sipo."

Mchana, kengele ya mwisho ikilia, aliifunga rejista kwenye mfuko wa plastiki, akaitia kwapani, tukaingia mitaani kuwatafuta waliokosa. Nasema tukaingia kwa sababu alinikokota. Miguu yangu mimi si ya kutembea, na ulimi wangu si wa kubembeleza wazazi, lakini tulikuwa chanda na pete. Yeye mjane, mwanawe wa pekee yuko nchi za mbali; mimi sikuolewa, na sitaki kuulizwa. Tulikuwa tunafika mlangoni, anabisha hodi, anakaa hata juu ya ndoo iliyofudikizwa, anafungua rejista, anamwonyesha mzazi jina la mtoto. Hagombi. Anasema tu, "Mama, kila siku tunamwita huyu." Mzazi akishaliona jina, nguvu zinamwishia. Watoto wengi walirudi kwa njia hiyo, na viatu vyangu vingi viliisha.

Mkaguzi alikuja mara moja akapandisha hasira. Rejista ina majina mengi kuliko watoto! Huu ni udanganyifu! Nilimsikia kupitia juu ya ukuta, na nikamsikia na mwenzangu akimjibu taratibu, "Mheshimiwa, wewe unahesabu vichwa. Mimi nahesabu watoto." Darasa langu lote likapiga makofi, na mimi sikulikataza. Yakumbuke maneno hayo, maana yalikuja kurudi nyumbani.

Baada ya miaka kumi na tisa ya meza moja, wazazi walimfuata. Kiti cha eneo letu kwenye Baraza la Mkoa kilikuwa wazi, na waliokitaka ni wale wale wenye matumbo mbele na ahadi nyuma. Wazazi wakasema bora tumpeleke mwalimu, angalau tunajua amelala wapi na amekula nini. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia, "Wewe unazunguka nyumba kwa nyumba kumtafuta mtoto mmoja. Huko utawafungulia shule mia kwa sahihi moja." Kinywa changu hiki. Laiti ningekuwa nimekula ubuyu siku ile, kingekuwa na kazi nyingine.

Kampeni yake ilikuwa kichekesho. Wapinzani wanakuja na vipaza sauti, yeye anakuja na kumbukumbu. Nusu ya wapiga kura walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Dereva wa lori mwenye ndevu anasimama kuuliza swali, anamwambia, "Wewe namba ishirini na tatu, kaa vizuri kwanza, toa mikono mfukoni." Umati unacheka, ndevu zinatoa mikono mfukoni. Alishinda kwa kura nyingi. Nikabaki na darasa lake, na muda si mrefu nikafanywa mwalimu mkuu, kazi ambayo kwa shule yenye vyumba sita maana yake ni wewe ndiye mwenye funguo za choo.

Daftari la kusaini walimu lilikuwa mezani kwangu sasa. Jina lake lilikuwa mwisho wa ukurasa. Sikulifuta. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la mkoa. Nilikwenda kumwona wiki ya kwanza. Kulikuwa na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni, na katibu muhtasi mwenye orodha ya watu wa kuingia. Nje, benchi refu, watu wamekaa wamejipinda kila mmoja na bahasha yake. Aliniambia kitu kimoja tu kinachomsumbua: chakula cha mchana. Hawezi kula na huyu, yule atasema ananunuliwa. Hawezi kula na yule, huyu atasema ametupwa. Kwa hiyo alikuwa anafunga mlango, anakula peke yake, ametazama ukuta. "Ukuta wenyewe umefika juu," akaniambia. "Sisikii mtu."

Basi akawa ananipigia simu kila jioni, saa kumi na mbili, nikiwa navua viatu. Hakuna shikamoo wala habari za kutwa. "Nisomee majina." Nami namsomea rejista ya siku ile. Nikifika kwa aliyekosa nasita kidogo, na yeye huko aliko anajibu, "Hayupo, ni wetu." Nikimaliza watoto namwongezea la kwake kutoka daftari la walimu, kwa utani, na yeye anajibu kwa sauti ya kitoto, "Yuko kazini!" Tunacheka, tunakata simu. Sijui kama kuna mtu mwingine mkoa mzima aliyekuwa anamchekesha. Mimi hakukuwa na mwingine aliyekuwa ananichekesha.

Mwaka wa pili wakampa uenyekiti wa kamati ya elimu. Simu zikawa mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, kisha akawa ananipigia yule katibu kuniambia mheshimiwa yuko kikaoni. Sikumlaumu sana. Cheo ni koti la kuazima, lakini hata la kuazima huleta joto.

Halafu kukafumuka habari ya wanafunzi hewa. Huko na huko walimu wakuu walikuwa wanajaza rejista watoto ambao hawakuzaliwa, ili wapate madawati na vitabu zaidi, kisha madawati yanaonekana kwenye kumbi za harusi. Mwenzangu alikasirika. Nilimsikia redioni, na niliijua ile sauti, ni ya mwalimu aliyekuta darasa limeibiana majibu. Akatangaza kwamba rejista hazitaaminiwa tena. Siku moja, bila taarifa, makarani wataingia kila shule na kuhesabu watoto walioketi kwenye madawati. Shule itakayokuwa na watoto chini ya mia na ishirini itafungwa, na waliopo watapelekwa shule ya jirani. Watu walimpigia makofi. Mimi niliizima redio nikakaa.

Rejista yangu ilikuwa na majina mia moja arobaini na matatu, ya wasiokuwepo yakiwemo. Lakini niliyafuata mafunzo ya mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyo redioni.

Shule nyingine zilijipanga, maana siri ya serikali haikai hata siku mbili. Watoto walikopeshwa. Kundi moja lilihesabiwa asubuhi shule moja, likapakiwa kwenye gari la mchanga, likahesabiwa adhuhuri shule nyingine. Kuna mahali mpwa wa mlinzi, mwenye sharubu, alivalishwa kaptura akakaa dawati la mbele, karani akamhesabu. Mimi pia nililetewa watoto thelathini wa kuazima. Nikawarudisha. Nilijua anayehesabu ametumwa na nani, nikasema moyoni, huyu hawezi kutusahau.

Karani wetu alikuwa kijana mwenye adabu. Alihesabu, akahesabu tena kwa sababu nilimwomba. Mia moja kumi na wanne. Tumepungua sita. Nikamwambia wengine wana homa, wengine tunaendelea kuwatafuta, desturi yetu ni hii na hii. Akasema, "Mwalimu Mkuu, nakuelewa. Lakini nimeambiwa nihesabu vichwa."

Nilikwenda ghorofa ya tatu. Nilikaa kwenye lile benchi refu tangu saa tatu mpaka saa sita, na bahasha sikuwa nayo. Nilipoingia alisimama, akaniambia, "Karibu, Mwalimu Mkuu," na mimi nikamjibu, "Ahsante, Mheshimiwa," na hapo hapo nikajua mambo yameharibika. Miaka kumi na tisa tumeitana mwenzangu. Nikaweka rejista juu ya meza yake, kwenye ule mfuko wa plastiki.

"Tumepungua sita," nikasema.

"Najua. Nimeiona orodha."

"Basi?"

"Wajumbe wenzangu wameniambia hii ya kwetu niiruke. Eti wataangalia pembeni."

"Basi iruke!"

Akautoa mfuko ule polepole, akafungua rejista, akapitisha kidole kwenye majina. Mengine ni mwandiko wake mwenyewe. "Nikiiruka hii," akasema, "zile shule kumi na moja nyingine zilizopungua nitaziambia nini? Kwamba wa kwao ni wezi, wa kwetu ni wapendwa?"

"Lakini si kweli? Wao wamebuni watoto. Sisi watoto wetu wapo!"

"Wapo wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayetaka nimsaidie kujibu.

Nikashikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia, "Wewe ulisema mkaguzi anahesabu vichwa, wewe unahesabu watoto. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sheria ni msumeno, mwenzangu. Nikiugeuza usinikate mimi, utabaki kisu cha kukatia wengine." Hapo ndipo aliponiita mwenzangu, na hapo ndipo sikutaka kuitwa. Nilichukua rejista yangu. Mlangoni akaniambia, "Nisamehe." Nikamwambia, "Muulize wa dawati la nyuma kama amekusamehe." Sijawahi kumwambia mtu neno baya kuliko hilo, na nililisema nikijua linakwenda kugonga wapi.

Alhamisi kamati ikapiga kura, shule kumi na mbili zikafungwa, ya kwetu ya saba kwenye orodha. Kwa haki niseme: alikuwa sahihi. Kwa haki niseme tena: nilimchukia. Mambo yote mawili yalikaa ndani ya kifua kimoja na hayakusumbuana hata kidogo.

Tulihamishiwa shule ya jirani, saa nzima na nusu kwa miguu. Watoto mia moja kumi na wanne waliondoka na mimi kwenye karatasi. Waliofika ni tisini na wawili. Ishirini na wawili, wengi wao wadogo, waliishia njiani, wakabaki nyumbani. Mimi nikafanywa mwalimu mkuu wa shule hiyo kubwa, watoto mia saba, ofisi yenye pazia. Sikwenda kuwatafuta. Nilijiambia miguu inauma. Ukweli ni kwamba bila yule wa kunikokota, sikujua hata hodi inabishwaje. Daftari jipya la walimu lilipofunguliwa, nilinakili majina yote ya walimu wangu, na mwisho wa ukurasa nikanakili na la kwake. Naibu wangu akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia aangalie kazi zake. Kila asubuhi, kwenye mstari ule, niliandika kwa mkono wangu: hayupo.

Simu yangu ilikaa kimya saa kumi na mbili. Yeye hakupiga kwa aibu, mimi sikupiga kwa kiburi. Mimi si mtu wa kununa, lakini nikinuna nanuna kweli. Jioni zilikuwa ndefu. Nilikuwa navua viatu, nakaa kitandani, nakisikia kijiko changu mwenyewe kwenye kikombe.

Uchaguzi uliofuata alianguka. Kwa wazazi wa shule zilizofungwa hakupata kura za kujazia kofia. Wale wa benchi refu walimfuata aliyeshinda, na makochi nasikia yalivuliwa nailoni siku ileile. Yeye alirudi kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya shule yetu ya zamani, ambayo sasa ni ghala la saruji. Nilisikia anapita mtaani na watu hawamwamkii. Nikasema moyoni, na aonje.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja, mtoto mdogo akasimama mbele ya meza yangu. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na wawili. Nikamuuliza, "Nani amekuleta?" Akasema, "Bibi mmoja. Amekuja nyumbani jana, juzi, na siku ile nyingine. Leo amenishika mkono mpaka pale kwenye kona."

Wiki iliyofuata wakaja wawili. Kisha mmoja. Dirisha la ofisi yangu linatazama ile kona, penye duka la fundi baiskeli. Nikaanza kufunua pazia saa moja na robo. Alikuwa anafika na kikundi chake, kila baada ya wiki mbili tatu kimeongezeka mtoto, amekonda, kiatu kimoja amekikanyaga kisigino, mfuko wa plastiki kwapani. Saa nzima na nusu kuja, saa nzima na nusu kurudi. Kwenye kona anawaachia mikono, anawatazama mpaka waingie getini, kisha anageuka. Hakuwahi kuvuka barabara. Alikuwa ananiogopa mimi, mtu ninayeogopa hata kuku.

Nami sikutoka. Nataka lieleweke, kwa sababu watu husimulia habari zao wakijipendelea. Kutoka dirishani hadi kwenye kona ni hatua mia mbili, na kwa miezi saba sikuzipiga. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa nangoja yeye aanze, kama watoto waliogombania kalamu.

Kisha asubuhi moja watoto wakaja peke yao, wakubwa wamewashika wadogo. Kesho yake vilevile. Wiki ya pili ikiisha nilimwachia naibu shule, nikaenda, miguu hii hii. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mwanamke mshonaji, akaniambia, "Alianguka, Mwalimu. Upande mmoja wa mwili ulikuwa haufanyi kazi vizuri. Mwanawe amekuja amemchukua, wamepanda ndege juzi. Alikuwa hataki, lakini angebaki na nani?" Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. "Alisema ukija nikupe. Nikamuuliza, na asipokuja? Akasema, atakuja, ila anachelewa."

Ndani kulikuwa na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Majina ishirini na mawili kwa mwandiko wake, na kila jina lina alama za siku alizobisha hodi. Kuna lililobishiwa mara kumi na nne. Majina kumi na matano yalikuwa na tiki. Saba hayakuwa nayo. Nililia pale kibarazani kwa mshonaji, tena kwa sauti, na sikujali nani anapita.

Sasa kila mchana, kengele ya mwisho ikilia, mwalimu mkuu wa shule kubwa anatia daftari kwapani anaingia mitaani. Kubembeleza bado sijui. Nakaa, naonyesha jina, nasema yale maneno yake. Wiki ya tatu nikampata mmoja. Wakabaki sita.

Jioni ya siku ile nilikuwa navua viatu. Simu ikalia, namba ndefu ya nje. Nikapokea. Pumzi tu, kisha sauti nzito, inayoburuta maneno kama mtu anayesukuma meza.

"Nisomee majina."

Hakuna shikamoo wala habari. Nikaenda kwenye mkoba, nikatoa daftari. Nikamsomea yote ishirini na mawili. Kwa walio na tiki alinyamaza nikamsikia anapumua. Kwa wale sita nilisita kidogo kama zamani, naye akajibu, polepole, akilitafuta kila neno: "Hayupo. Ni wetu." Mara sita. Nilipofika mwisho nikasoma na la kwake.

Nilidhani atasema yuko kazini. Nilitamani aseme. Huko kwake mlango ulifungwa, mtu akasema kitu kwa lugha nisiyoijua, na yeye hakumjibu.

"Hayupo," akasema.

Na mimi, niliyekuwa na miaka yote ile ya kulisema neno hili na hatua mia mbili tu za kwenda nalo, nikamjibu, "Ni wetu."